Usiniambie Iko Pane

Katika Kiswahili cha Lubumbashi tuna neno moja kwa kila kitu kinachokataa kufanya kazi: pane. Gari iko pane, redio iko pane, simu iko pane; hata mtu aliyeishiwa pesa kabla ya mwisho wa mwezi husema yuko pane. Neno hilo tulilichukua kutoka Kifaransa, tukalizoea, na linatusaidia kila siku. Lakini mwaka jana, mwezi wa nane, nusura linipotezee saa 11 za sauti ya mzee ambaye hayupo tena duniani.

Naandika habari hii kwa ajili ya wenzangu wa kitivo, hasa wale wanaojiandaa kwenda vijijini kukusanya data. Tunafundishwa kuchagua wasemaji, kutunga maswali, kunukuu sauti na kuzichambua. Halafu kazi yote hiyo tunaiweka ndani ya kompyuta kuukuu tuliyoinunua mkono wa tatu, na siku inapogoma tunakuwa kama watoto waliopotea sokoni.

Mzee huyo nitamwita Nkambo, kama nilivyokuwa nikimwita. Aliishi katika kijiji kimoja cha Wasanga, upande wa Kambove. Kisanga ni lugha ya Kibantu ambayo Malcolm Guthrie aliiweka katika kanda L na kuipa alama L35, jirani ya Kiluba cha Katanga (L33) na Kihemba (L34). Kwa mama yangu ni lugha ya utotoni. Kwangu mimi, niliyezaliwa Katuba, ilikuwa lugha ambayo wakubwa waliirudia pale walipotaka watoto wasielewe. Nafikiri ndiyo sababu niliichagua kwa tasnifu yangu.

Nilikwenda kwa Nkambo mara mbili, nikarekodi vipindi 11, kila kimoja karibu saa moja. Aliniwekea sharti moja tu: nikimaliza kazi nirudi na sauti zile, wajukuu wake wazisikie. Nikaitikia. Kipindi cha tisa kilikuwa cha miti. Tulitembea pamoja kuanzia nyuma ya nyumba mpaka mtoni, yeye akigusa kila mti kwa fimbo yake na kutaja jina, kisha kazi ya gome, majani au mizizi. Nilihesabu majina 64. Katika daftari niliyaandika yote, lakini bila alama za toni. Nilijiambia kwamba toni nitaziweka nikirudi mjini, nikiwa nimetulia na kusikiliza polepole.

Hapo ndipo msomaji asiye wa idara yetu anahitaji maelezo mafupi. Kiswahili hakina toni, ndiyo maana sisi tunaokisema tunasahau haraka kwamba lugha nyingi za Kibantu zinazo. Anayejua Kilingala anajua kwamba moto ni mtu, lakini sauti ikipanda mwishoni, ni kichwa. Herufi ni zile zile. Kisanga nacho ni lugha ya toni. Jina la mti lililoandikwa bila toni ni nusu ya jina, na nusu ya pili ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, mahali pamoja tu.

Ndiyo, mahali pamoja tu. Kinasa sauti nilikuwa nimekiazima, na nilipokirudisha nilifuta kadi yake kwa adabu, kama mtu anavyoosha sahani ya jirani kabla ya kuirudisha. Saa 11 za sauti isiyobanwa, njia mbili, kwa kipimo cha kawaida cha CD, ni karibu GB 7. Fleshi moja ya GB 8 ingetosha. Nilikuwa nayo moja, imejaa filamu.

Nkambo alifariki mwezi wa pili, katikati ya mvua. Sikuweza kwenda kwenye kilio kwa sababu ya mitihani. Nilimtumia binti yake, Mama mmoja mkarimu aliyekuwa akitupikia, ujumbe wa rambirambi, na mwishoni nikaandika: sauti ninazo, nitazileta.

Mwezi wa nane dalili zilianza. Kufungua folda moja kulichukua dakika nzima. Kompyuta iliganda, kisha ikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Usiku, jirani wakiwa wamezima redio, nilisikia ndani yake mlio mdogo: tik, tik, tik, kimya, halafu tena tik, tik, tik. Mimi ninayesomea sauti, ninayeweza kubishana nusu saa juu ya urefu wa irabu moja, niliusikia mlio ule wiki tatu nzima bila kujiuliza unasema nini. Nilijiambia tu kwamba mashini iko pane kidogo.

Kisha nikafanya makosa matatu, moja baada ya jingine, na yote yalionekana kuwa msaada.

Kosa la kwanza: nilidhani ni virusi. Nikaweka programu ya antivirusi, nikaiamuru ikague diski yote, nikalala. Sikujua kwamba diski iliyo mgonjwa naiamuru isome kila kona yake usiku kucha, kama mtu anayempeleka mwenye homa kulima.

Kosa la pili: asubuhi kompyuta ilipowaka, Windows ikapendekeza kukagua diski na kuitengeneza. Neno kutengeneza likanifurahisha, nikakubali. Asilimia zikapanda mpaka 27, zikasimama hapo saa nyingi. Programu ile kazi yake ni kunyoosha orodha ya mafaili ili mfumo uweze kuwaka tena. Haikuundwa kuokoa vilivyomo. Ikikuta sehemu isiyosomeka inaweza kuamua kwamba faili lililokuwa pale halipo tena. Mchana umeme ukakatika, na kwa kuwa betri yangu ilikufa siku nyingi, kompyuta ikazimika katikati ya kazi. Ilipowaka tena, Windows haikuingia.

Kosa la tatu karibu likamilike. Mwenzangu mmoja wa promosheni alikuja na fleshi ya kusakinisha mfumo, akasema kwa moyo mweupe: «Tuifomati, itakuwa mpya.» Nikamuuliza mafaili yangu je. Akajibu kwamba kuna programu za kuyarudisha baadaye. Nikaketi kando yake kama mgonjwa aliyekwisha kutia sahihi. Alikuwa amekwisha kuchagua sehemu ya diski itakayofutwa, kidole kiko juu ya kibodi, umeme ukakatika tena. Katika maisha yangu ya Lubumbashi nimelaani giza mara nyingi. Jioni ile peke yake nimelishukuru, ingawa shukrani hiyo ilinijia siku ya pili, nilipoelezwa lililokuwa linakuja.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi mmoja ambaye meza yake iko pembeni ya soko la Kenya, chini ya mwavuli mkubwa uliopauka. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Nikamwita yaya, naye akaniita dada. Nikaweka kompyuta mezani.

«Yaya, mashini yangu iko pane.»

Hakuigusa. Alikuwa anakula karanga.

«Dada, usiniambie iko pane. Pane ni jina ya bugonjwa yote. Uniambie inafanya nini.»

Nikasema haifanyi kitu.

«Inawaka?»

«Inawaka.»

«Inaonyesha?»

«Inaonyesha, lakini haiingii.»

«Njo maana uniambie hivyo. Sasa tunaanza kusikilizana.»

Kisha akaniuliza kama nilisikia sauti. Nikamwigizia ule mlio, kwa ulimi. Akaacha karanga.

«Tangu lini?»

Nilipomwambia wiki tatu, alitikisa kichwa. «Haiyakufa. Lakini kama unaiwasha tena, utaiua weye mwenyewe.»

Pale pale alifungua skrubu za chini, akatoa diski, akaiweka juu ya kitambaa. Akanieleza kwamba diski ya aina ile ina sahani ndani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma kikielea juu yake bila kugusa. Mlio niliousikia ni kichwa kinachokosa mahali pake, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kila jaribio linaweza kuikwaruza sahani. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya diski inayogonga ni kuizima, na ya pili ni kunakili kwanza, kutengeneza baadaye. Mimi nilikuwa nimezigeuza zote mbili.

Alikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani iliyoendeshwa kwa Linux na kupewa umeme na betri za jua, zisizojali kukatika. Akaiunganisha diski yangu, pembeni akaweka diski nyingine nzima, akaanzisha programu iitwayo ddrescue. Hii haijaribu kufungua mafaili wala kutengeneza chochote. Inanakili diski nzima, kipande kwa kipande. Ikikuta pasipopitika, inaruka na kuandika katika daftari lake kwamba pale pamebaki. Ikiisha kuchukua vilivyo vizima ndipo inarudi kwenye vigumu na kujaribu tena. Na kwa sababu ya daftari hilo, ikikatizwa, haianzi upya.

«Itachukua muda kiasi gani?» nikauliza.

«Yenyewe njo inajua.»

Ilikuwa Jumanne. Nilishinda pale mpaka Alhamisi, kwa sababu nyumbani nisingeweza kukaa. Siku tatu chini ya mwavuli ule zimenifundisha mambo ambayo nataka kuyaeleza kwa utaratibu, maana yatamfaa kila mwenye kompyuta.

Kila mteja aliyefika alisema iko pane, na kila mmoja aliulizwa maswali yale yale. Nikachukua daftari langu la Kisanga, nikaanza kuandika upande wa nyuma. Siku ya pili nikaona kwamba fundi ana vitenzi vinne tu, na vinapangwa kama ngazi: kuwaka, kuonyesha, kuingia, kutumika. Kompyuta hupanda ngazi hizo kila asubuhi. Ukijua imekwama kwenye kidaraja kipi, umekwisha kutupa robo tatu za sababu zinazowezekana.

Haiwaki. Hapa hakuna haja ya kufikiria Windows wala virusi, kwa sababu hakuna programu iliyokwisha kuamka. Tatizo ni la umeme. Fundi huanza na vitu vya aibu: je, tundu la ukutani lina umeme, je, waya umeingia vizuri. Kisha hupima chaja kwa mita. Za kompyuta nyingi za mkononi zinapaswa kutoa volti 19 hivi, na kiasi halisi kimeandikwa kwenye kibandiko chake. Kisha hutoa betri na chaja, hubonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki utoke, huunganisha chaja peke yake na kujaribu. Mwanamume mmoja aliyekuja amekata tamaa aliondoka na kompyuta yake ikiwaka kwa njia hiyo, bila hata skrubu moja kufunguliwa.

Inawaka, lakini haionyeshi. Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo kimebaki cheusi. Mwanafunzi wa kitivo kingine alifika na shida hiyo Jumatano asubuhi. Fundi alizima mwavuli wake kwa turubai, akamulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande: kama picha hafifu ingeonekana, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Haikuonekana. Akaunganisha skrini nyingine: nayo nyeusi. Basi kioo hakina kosa. Akafungua chini, akatoa vibao viwili vya RAM, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha kawaida cha mwanafunzi, polepole, akapangusa vumbi, akarudisha kimoja tu. Nyeusi. Akakitoa, akaweka cha pili katika tundu lile lile. Ikaonyesha.

Hapo nilicheka peke yangu, na wote wakanitazama. Nilikuwa nimeona jozi mlinganuo finyu. Katika fonolojia, tukitaka kujua kama sauti mbili zinatofautisha maana, tunatafuta maneno mawili yanayofanana kila kitu isipokuwa sauti moja, kama pata na bata. Tunabadilisha kimoja tu, vingine vyote tunaviacha vilevile, halafu tunatazama kama maana imegeuka. Fundi alikuwa amebadilisha kibao kimoja tu. Kama angebadilisha kibao na tundu kwa pamoja, asingejua lipi limetibu. Nilipomwambia kwamba sisi pia tunafanya hivyo kwa maneno, aliuliza kwa heshima kabisa kama maneno nayo yanalipiwa.

Inaonyesha, lakini haiingii. Jina la kampuni linatokea kiooni, kisha inabaki pale, au inaandika kwamba hakuna mfumo, au inazunguka bila mwisho. Hiki kilikuwa kidaraja changu. Sababu ni mbili kubwa: ama diski inaumwa, ama diski ni nzima na mfumo ulioandikwa juu yake umeharibika. Ni lazima kuzitenganisha kabla ya kufanya lolote. Njia rahisi ni kuwasha kompyuta kwa fleshi yenye Linux. Mfumo huo unaendeshwa kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, nawe unaweza kuangalia kama diski inaonekana, kama inasomeka, na hali yake ya afya, kwa kuwa diski zenyewe huhesabu makosa yao. Ikiwa nzima, nakili mafaili yako kwanza, ndipo usakinishe upya ukipenda. Ikiwa inagonga, zima. Kufomati haraka hufuta orodha tu, si vilivyomo. Ndiyo maana mwenzangu alisema mafaili hurudishwa. Lakini kusakinisha Windows baada yake ni kumwaga GB nyingi za vitu vipya juu ya vya zamani, na palipokwisha kuandikwa juu hakuna programu inayopafufua. Huko ndiko nilikokuwa naelekea umeme ulipokatika. Diski za kisasa zisizo na sahani hazigongi kamwe. Nazo hufa, ila hufa kimya, kwa hiyo mwenye nayo asijivune.

Inaingia, lakini haitumiki vizuri. Hapa ndipo wengi walipo, na hapa ndipo watu wanapotoa pesa bure. Mama mmoja mwenye duka alisema kompyuta yake inazimika yenyewe baada ya dakika kumi, na kwamba ameisakinisha upya mara mbili. Fundi alishika upande inapotokea hewa, akaondoa mkono haraka. Alipofungua feni, vumbi jekundu la kiangazi chetu lilikuwa limejaa kama pamba ndani ya mto. Akalitoa kwa brashi, akapaka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, basi. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujizima ili isiungue. Hakuna mfumo mpya utakaolifuta vumbi. Kijana mwingine hakuweza kufungua tovuti yoyote: kila moja ilimwambia muunganisho si salama. Fundi alitazama kona ya kioo, saa na tarehe zilikuwa za miaka mingi nyuma. Akabadilisha betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi kuu, ile ya volti 3 iitwayo CR2032, inayotunza saa kompyuta inapozimwa. Akarekebisha tarehe, tovuti zikafunguka. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe zake. Kompyuta iliyo katika mwaka mwingine haiwezi kuviamini.

Na akaja mwanafunzi wa kitivo chetu hiki hiki, akitetemeka. Fleshi yake yenye tasnifu ilikuwa imebaki na njia za mkato tupu. Ugonjwa huu mnaujua wote mnaochapisha kwenye vibanda vya karibu na chuo. Fundi alimwambia asibonyeze hata kimoja, maana kubonyeza ndiko kunakokiamsha kirusi. Mafaili hayakufutwa, yamefichwa tu na kupewa alama ya mafaili ya mfumo. Alifungua fleshi ile kwenye Linux yake, na mafaili yote yakaonekana kama yalivyokuwa. Kwenye Windows yenyewe, kwenye dirisha la amri, amri attrib -h -r -s /s /d *.* ikiandikwa baada ya kuingia kwenye fleshi huyaondolea alama hizo. Halafu fleshi isafishwe kwa antivirusi, na kompyuta iliyoiambukiza pia.

Niliandika yote hayo, na kila nilipoandika nilijiona nimefanya kinyume chake. Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa la lugha. Mzungumzaji wangu wa Kisanga hakuwahi kunijibu swali la jumla. Nilipomuuliza Kisanga kinasemaje kukata, alinirudishia swali: kukata nini, kwa nini, kijani au kikavu? Nilijifunza kwake kwamba kitenzi kinachotosha kwa kila kitu hakisemi mengi juu ya chochote. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo katika sura ya pili ya tasnifu. Halafu nikabeba kompyuta iliyo na sauti yake mpaka Kenya na kusema iko pane.

Alhamisi saa tisa alasiri ddrescue ilimaliza. Fundi aliirudia mara moja zaidi kwenye sehemu ngumu, kisha akafungua nakala. Vipindi tisa vilikuwa vizima. Cha nne kilifunguka, ila kilikuwa na mashimo ya ukimya, sekunde chache hapa, nusu dakika pale. Cha tisa, cha miti, kilikuwa jina tu: faili lipo, ndani yake hamna kitu.

Alijaribu njia nyingine mbili ninazozielewa nusu. Saa kumi na mbili alifunga mwavuli.

«Dada, ile moja imeenda.»

Sikuweza kujua kama kipindi kile kilipotea katika zile wiki tatu za mlio, au usiku wa antivirusi, au katika ile asilimia 27 niliyoisubiri kwa furaha. Fundi alisema diski ikishaanza kugonga kila saa ina bei yake. Alinidai dola 15 na kukataa nyongeza. Alinikabidhi nakala, na nikiwa bado nimesimama pale aliniazima fleshi yake nitengeneze ya pili, kama mtu asiyeniamini kufika nayo nyumbani. Alikuwa na haki.

Mwezi wa tisa nilikwenda kijijini. Katika mfuko nilikuwa na fleshi mbili na spika ndogo. Njia nzima kutoka Likasi nilitunga maneno ya kumwambia Mama, kwa Kiswahili na kwa Kisanga changu kibovu, na nilipofika yote yakanitoka. Nikasema tu: kipindi cha miti kimepotea, na nimekipoteza mimi.

Alinyamaza. Kisha akaniambia nile kwanza.

Jioni tulisikiliza kipindi cha kwanza uani. Wajukuu walicheka Nkambo alipomfukuza mbuzi katikati ya hadithi. Mama hakucheka. Alisogeza kiti karibu na spika, akawa anaitikia pale baba yake alipozoea kuitikiwa. Watoto walipokwenda kulala aliniomba daftari. Yeye hasomi, kwa hiyo nilimsomea majina ya miti, moja moja, bila toni, kama nilivyoyaandika. Naye akayarudia kama yanavyotakiwa kutamkwa. Nilirekodi. Mengine aliyasema kabla sijamaliza silabi ya pili. Asubuhi mdogo wake akaja, tukatembea njia ile ile mpaka mtoni.

Kati ya majina 64, waliafikiana juu ya 51. Tisa hawakuyajua kamwe. Yalikuwa ya baba yao peke yake. Juu ya manne walibishana. Juu ya moja walibishana sana, kwa sababu mmoja aliipandisha silabi ya kati na mwingine akaishusha, na kila mmoja alisema: Baba alikuwa akisema hivi. Wakanigeukia mimi niwaamulie. Mimi ndimi niliyetembea na mzee siku ile, na mimi ndimi niliyekuwa na kinasa sauti. Sikuwa na la kujibu.

Katika kiambatisho cha tasnifu yangu majina 51 yana toni kamili. Yale manne yameandikwa kwa namna mbili mbili, kila moja na jina la udugu la aliyelisema, binti au mwana. Yale tisa hayana alama yoyote juu ya irabu zake, na nimeeleza sababu katika sentensi moja, bila kutaja neno pane. Mwalimu anayeniongoza aliuliza kama sentensi hiyo ni ya lazima. Nikamwomba ibaki.

Sauti sasa ziko mahali patatu: kompyuta yangu, diski ya pembeni iliyoko kwa mwalimu, na fleshi iliyoko kijijini, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la Mama. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nafungua nakala zangu na kusikiliza dakika chache za kila faili, kwa sababu nakala isiyofunguliwa hujui kama ni nzima. Na usiku, redio za jirani zikizimwa, nasikiliza pia kompyuta yenyewe.